Mkuki wa babu umeupata darini? Hivi ndo utajua umetoka wapi

Kama we ni mtu wa Kanda ya Ziwa na kwenu kuna mji wa zamani, iwe Misungwi, Magu, Sengerema, Geita au Ukerewe, basi kuna mkuki mahali. Uko juu ya dari ya jiko umejaa masizi, au umechomekwa nyuma ya ghala, na kila mtu anajua ni wa babu ila ukiuliza zaidi ya hapo kimya. Wa kwetu tuliupata tukiwa tunabomoa jiko la bibi baada ya mvua kuangusha ukuta mmoja, mdogo wangu akavuta boriti ukadondoka. Mjomba kuuona tu akasema huo wa Wamasai, ulitekwa vitani. Nimeuchunguza zaidi ya mwaka sasa, na sio wa Wamasai, na njia niliyopita ndo nataka nikuelekeze ili na wewe uufanyie wa kwenu wakati wazee bado wapo.

Kabla hatujaanza shika hili, maana ndo lilinichelewesha miezi mingi: mkuki sio kitu kimoja. Ni bapa, yaani lile chuma la juu lenye makali, halafu mpini wa mti, halafu chuma cha kitako kule chini kama kipo, halafu nyaya au ngozi zilizofungiwa. Kila kimoja kina umri wake na kwao kwake. Mti unaoza unabadilishwa, ngozi inaliwa na panya, bapa linabaki linavuka vizazi. Kwa hiyo swali la "huu mkuki wa kabila gani" linakupoteza, uliza bapa limetoka wapi, mpini umetoka wapi, na nani aliviunganisha.

Hatua ya kwanza: usiusafishe

Najua mkono unawasha. Usiupige msasa, usiuloweke kwenye limao wala soda, usiupake rangi, usipeleke kwa fundi "aung'arishe". Kuna ndugu yetu Igoma alipeleka wa kwao kwa fundi welding, jioni akarudishiwa mkuki umepita grainda umepakwa rangi ya fedha unang'aa kama geti jipya, na alama zote za nyundo, mistari ya chuma, masizi ya miaka hamsini, vyote vimeishia sakafuni pale kwenye vumbi la chuma. Hapo hakuna mtu duniani anaweza kukwambia chochote tena kuhusu lile bapa. Iliniuma sana.

Kitu unachoruhusiwa ni brashi laini kavu, ile ya rangi isiyotumika, unatoa buibui na vumbi basi. Na angalia hapa ni usalama wako: kama karibu na shingo ya bapa kuna kitu cheusi kimekauka kama lami, usikishike mikono mitupu wala usikikwangue. Sumu ya mishale ya huku kwetu Afrika Mashariki, hasa ile inayochemshwa kutokana na miti ya Acokanthera, inaweza kubaki na nguvu miaka mingi. Mara nyingi itakuwa masizi tu au nta, ila vaa glavu na watoto wakae mbali.

Hatua ya pili: picha na vipimo

Hii fanya siku moja umalize. Toa mkuki nje asubuhi saa moja moja hivi wakati jua limelala, maana mwanga wa pembeni ndo unaonyesha mashimo na mapigo ya nyundo, jua la saa sita linafuta kila kitu. Tandika kitambaa cheusi, weka rula kando kila picha. Piga wote mzima, piga bapa pande zote mbili (watu wanapiga upande mmoja wanasahau kugeuza na kumbe siri iko upande wa pili), piga ukiangalia kutoka kwenye ncha kama unachungulia bunduki, piga shingo, piga ule mrija wa chuma unaoingia mpini, piga kitako.

Halafu pima urefu wote, urefu wa bapa, upana wake pale palipo pana zaidi, urefu wa mrija, unene wa mpini. Chukua karatasi ya manila lalia bapa juu yake zungushia penseli, upate umbo lake halisi, hiyo karatasi utaikunja utembee nayo kila mahali na haitishi mtu kwenye daladala. Uzito nilipimia kwenye mizani ya kuning'iniza ya jirani anayeuza samaki, ikakubali vizuri tu.

Hatua ya tatu: soma chuma

Hapa ndo utamu ulipo, usikimbie.

Anza na mrija. Mkuki uliofuliwa kwa mkono huku kwetu kwa kawaida mrija wake ni chuma kilichopondwa kikawa bamba jembamba kisha kikakunjwa kuzunguka mti, kwa hiyo utaona mpasuko unashuka upande mmoja, kingo mbili zimekaribiana hazijagusana au moja imepanda kidogo juu ya mwenzie. Kama mrija ni duara kamili hauna mshono kabisa, hilo ni bomba la dukani. Kama pale bapa linapokutana na mrija kuna kovu lenye vipele vipele, hiyo ni welding ya umeme, huo sio wa zamani hata kama kutu imejaa.

Sasa angalia kutu yenyewe. Kutu ya zamani iliyotulia ni kahawia iliyokolea hadi nyeusi, imekaa ndani ya chuma, ukipitisha kidole haitoki. Kutu ya kutengenezwa kwa chumvi na tindikali ni ya rangi ya chungwa, iko sawasawa kila mahali, na inabaki kwenye kidole kama unga. Mkuki wa kweli kutu yake haiko sawasawa, pale mikono ilipokuwa inashika pako tofauti, pale ngozi ilipofunika pako tofauti.

Halafu tafuta mistari. Chuma cha zamani kilichoyeyushwa kwa udongo wenye madini na makaa kwenye tanuru la udongo hakikuwa kinayeyuka kikawa maji, kilikuwa kinatoka bonge lenye takataka ndani na mhunzi analiponda, analikunja, analiponda tena mpaka takataka zitoke. Hazitoki zote. Zinabaki zimevutwa ndani kama nyuzi, na kutu ikishakula kwa miaka unaanza kuona mistari inayokwenda na urefu wa bapa kama mbao iliyopauka kwenye mvua. Chuma cha kiwandani cha siku hizi kwa kawaida kinaliwa kwa vishimo vishimo tu, hakina nyuzi. Ya kwetu niliiona baada ya kuangalia kwa lensi ya kamera ya simu, nimezoom karibu na makali, mistari imelala pale kama nywele zilizochanwa. Nilikaa chini.

Ila usidharau mkuki wa chuma cha kiwandani. Wahunzi wetu walikuwa watu wa akili, chuma cha kununua kilipoanza kufika kwa wingi kutoka pwani na baadaye kwa treni (reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928) wengi waliacha kuhangaika na tanuru wakawa wanafua majembe mabovu, waya, vyuma vya reli, na miaka ya karibuni springi za gari. Hata leo wahunzi wa Kidatoga kule ziwa Eyasi wanafua mishale kwa vyuma chakavu. Mkuki wa springi uliofuliwa vizuri na babu yako mwaka 1950 ni mkuki wa babu yako, umri wake tu ndo mdogo.

Hatua ya nne: umbo

Sasa chukua ile manila uiangalie. Huku kwetu kila bapa refu linaitwa la Kimasai, na sokoni ndo balaa, ukipita Mlango Mmoja hapa Mwanza mjini au kwa wauza vinyago kila kitu chenye ncha ni Masai. Mkuki wa Kimasai wa morani unaoujua, bapa refu jembamba kama upanga lenye mgongo katikati, mti mfupi tu wa kushikia, halafu chuma kirefu chini, umbo hilo lilienea kuelekea mwisho wa karne ya 19 pale chuma cha kununua kilipoongezeka. Ya zamani zaidi ilikuwa na bapa fupi la umbo la jani. Kwa hiyo hata "Masai" peke yake haitoshi.

Bapa la umbo la jani, yaani jembamba shingoni linanenepa kisha linachongoka, liko sehemu nyingi kuzunguka ziwa. Angalia mgongo wake. Kuna mabapa ukitazama upande mmoja, nusu ya kushoto imezama na ya kulia imenyanyuka, ukigeuza ni vilevile, kwa hiyo ukilitazama kutoka kwenye ncha linaonekana kama herufi S iliyolala. Mtu akikwambia hiyo ni alama ya kabila fulani mkatalie kwa heshima, ufundi huo unaonekana Sudan, Kongo na huku kwetu maziwa makuu, unakupa ukanda haukupi kijiji.

Mkuki mfupi mnene wenye bapa pana wa kuchomea kwa karibu, hapo fikiria Wangoni. Kundi lao lililoitwa Watuta lilipanda mpaka kusini mwa ziwa na kukaa upande wa Runzewe, ambako sasa ni Bukombe, katikati ya karne ya 19, na watu waliopigwa nao walijifunza silaha zao.

Kama ncha ina miba inayorudi nyuma na kuna tundu au pete ya kufungia kamba, hicho sio mkuki wa vita, hicho ni chusa, cha kiboko au samaki mkubwa. Watu wa visiwani wanakijua, usiwabishie.

Na kama ni mwepesi sana, makali hayajawahi kunolewa na kuna mapambo mengi, huenda ni wa ngoma. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanachezea vitu vingi, na mkuki wa ngoma nao una heshima yake.

Kuhusu chuma kimetoka wapi, usukumani wenyewe madini yalikuwa yanatafutwa magharibi. Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo walikuwa wahunzi wakubwa na majembe yao yalikuwa yanaingia Usukuma, watu wanalima nayo na wanaolea nayo. Ukivuka zaidi hadi Bukoba, matanuru ya Katuruka yana zaidi ya miaka 2000, watafiti walichimba wakapima. Kwa hiyo ukiona bapa la chuma chenye nyuzi hapa Mwanza, macho yako yaelekee upande jua linakozama.

Mpini, nyaya na ngozi

Mpini mtazame kwa kutilia mashaka. Mti wa asili mzuri wa mpini ni kama mkole, unanyooka, haupasuki, mafundi wa upinde wanaupenda pia. Ukikuta mkaratusi, huo umewekwa baadaye. Wa kwetu ni mkaratusi kabisa. Nikauliza, nikaambiwa wakati wa sungusungu, ile iliyoanzia huko Kahama mwaka 1982 ikasambaa Usukuma wote, kila mwanaume alitakiwa awe na silaha ya jadi, babu akatoa bapa la zamani kwenye dari akalikatia mti mpya. Yaani mkuki mmoja, mti wa 1982, chuma cha kabla ya mjerumani labda. Mikuki mingi vijijini ina historia hii kwa hiyo mti mpya usikukatishe tamaa.

Waya wa shaba au wa njano uliozungushiwa shingoni ulikuwa bidhaa ya misafara, ulibebwa mabegani kutoka pwani, kwa hiyo ni dalili ya biashara na ya mtu aliyekuwa na uwezo. Sumaku haiushiki. Ngozi nyeusi ngumu iliyobana mrija mara nyingi ni ngozi ya mkia wa ng'ombe, inavutwa ikiwa mbichi kama soksi, ikikauka inabana kuliko gundi. Usiikate ili uchungulie ndani.

Hatua ya wazee, na hapa nenda polepole

Usiende na mkuki mkononi siku ya kwanza, nenda na sukari na picha. Shikamoo zako kamili, ukae, uulize ng'ombe, uulize mvua. Halafu usiulize "huu wa mwaka gani", mzee atakutajia mwaka wowote ili usijisikie vibaya. Uliza kwa matukio. Wakati wa vita ya Amini ulikuwa wapi? Wakati wa kuhamia vijijini ule mwaka 74 mlihama nao? Wakati treni inafika, babu alishaoa? Nani aliushika kabla ya babu? Huwa unaingia kwenye nyumba gani? Kuna siku ulitolewa nje kwa ajili ya masamva, yaani mizimu ya ukoo? Hili la mwisho uliza kwa adabu na ukiona mzee amenyamaza acha, mkuki mwingine ni wa mizimu ya ukoo na haubebwi hovyo, hapo yeye ndo anaamua nini kipigwe picha.

Uliza jina lake kwa lugha ya nyumbani pia na uandike linavyotamkwa. Mhaya atakwambia eichumu, Mluo atakwambia tong', na mara nyingine familia ya Kisukuma inauita mkuki kwa neno lisilo la Kisukuma, hapo umepata mkia wa nyoka, vuta.

Na tafadhali waulize akina mama. Mimi nilimaliza miezi minne nahoji wajomba na babu wadogo, kila mtu ana vita yake ya Wamasai. Siku moja nimekaa na bibi tunachambua dagaa nikamwonyesha picha kwenye simu, akasema, "Huo si ulikuja na baba yangu? Alitoka nao Geita na majembe mawili, babu yako alipewa." Akaendelea kuchambua dagaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa sababu mkuki ni kitu cha wanaume.

Rekodi sauti kwenye simu, omba ruhusa kwanza, na siku hiyohiyo andika nani kasema nini na yeye alimsikia nani. Maneno ya "nilimwona babu akiushika" na "watu husema" usiyachanganye kwenye mstari mmoja.

Kulinganisha

Ukishakuwa na karatasi, picha na maneno ya wazee, nenda Bujora. Unapanda gari za barabara ya Musoma unashuka Kisesa, kutoka hapo ni karibu. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yana vitu vya watemi, ngoma, vyuma, na wahudumu wanaoelewa unachouliza. Utemi ulifutwa mwaka 1963 na vitu vingi vya himaya vikatawanyika kwenye familia, kwa hiyo kama wa kwenu una dalili za kifalme, pale ndo pa kuuliza. Fungua manila yako waonyeshe.

Halafu ingia mtandaoni kwenye makumbusho ya nje, maana Wajerumani walibeba vitu vingi sana kutoka huku. Makumbusho ya Berlin, British Museum na Pitt Rivers ya Oxford wameweka picha bure. Siri ni tahajia: ukiandika Mwanza hutapata vingi, andika Muansa kama Wajerumani walivyoandika, andika Ussukuma, Wassukuma, Usindja kwa Uzinza, halafu ongeza Speer au Lanze, yaani mkuki kwa Kijerumani. Kwa Waingereza weka Tanganyika. Angalia vitu vyenye tarehe ya kuchukuliwa, maana mkuki uliofika Berlin mwaka 1895 haukutengenezwa baada ya hapo, huo ni msumari wa kutundikia wengine. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul Kollmann, alichora silaha za watu wa ziwa hili kwenye kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1899, tafuta hiyo michoro uilinganishe umbo kwa umbo. Na kama mkuki wako una namba ya wino au rangi kwenye mpini, usiifute kabisa, mtu aliwahi kuuorodhesha mahali.

Kulinganisha maana yake vitu vitatu vikubaliane: chuma, umbo na maneno ya familia. Kimoja peke yake hakitoshi. Wa kwetu chuma kina nyuzi, umbo ni la jani na bibi anasema Geita, vitatu vinaelekea upande mmoja. Vikipingana, andika vyote viwili na usilazimishe.

Kuhusu kuuza: kuna watu wanapita vijijini wananunua kwa bei ya kuku. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuvitoa vitu vya kale nje ya nchi kunataka kibali cha serikali. Mtu anayekwambia "nipe tu nitajua mwenyewe nitakavyopitisha", funga mlango.

Kuutunza

Unyevu wa ziwa unakula chuma. Futa kwa kitambaa kikavu, pitisha mafuta ya cherehani kidogo sana juu ya bapa, usiguse mti wala ngozi. Ulaze juu ya misumari miwili iliyofungwa kitambaa, kwenye ukuta wa ndani usioguswa na mvua, usiusimamishe kwenye kona mti utapinda. Ukisafiri nao ufunge kwenye kiroba, ncha uitie kwenye chupa ya plastiki.

Halafu andika kikaratasi, ukifunge kwa uzi wa pamba kwenye mpini, sio kwa gundi. Cha kwetu kimeandikwa hivi:

"Bapa: chuma cha kufuliwa, kina nyuzi, mrija wa kukunja, sm 31. Lilikuja na baba yake bibi kutoka Geita pamoja na majembe mawili (kasema bibi mwenyewe, alikuwepo). Mhunzi: hajatajwa. Waya wa shaba shingoni, mizunguko 9. Mpini: mkaratusi, ulikatwa na babu wakati wa sungusungu. Ulipatikana kwenye dari ya jiko. Usisafishwe."

Na nyuma yake mdogo wangu ameandika jina la bibi kwa herufi kubwa.